Kabla Jua Halijakaza: Silikoni na Miwa Yetu

Salamu za pekee leo ziwafikie wakulima wa miwa wa Kilombero, Mtibwa na Kagera, na yeyote anayetusikia kutoka magharibi mwa Kenya au kule Busoga, Uganda. Leo ni siku yenu.

Naanza na swali. Umewahi kupita katikati ya shamba la miwa ukiwa umevaa shati la mikono mifupi? Kama umewahi, unajua jani la muwa linavyokata. Unatoka upande wa pili mikono imejaa michirizi myekundu, na jasho likigusa pale unauma meno. Chukua jani moja, upitishe kidole pembeni mwake kutoka shinani kwenda nchani: linateleza. Rudisha kidole kinyume, polepole: linakwaruza, na usipoangalia linakuchana. Sasa niulize: kinachokata hapo ni nini? Jani si laini tu kama majani mengine?

Pembezoni mwa jani la muwa kuna vijimeno vidogo mno, na vijimeno hivyo vimeimarishwa kwa vijiwe. Nasema vijiwe, na ninamaanisha hivyo hivyo. Muwa umevitengeneza wenyewe, kutokana na kitu ulichokinywa ardhini pamoja na maji. Kitu hicho kinaitwa silikoni. Hicho ndicho tutakachokizungumza leo, kwa sababu kinausaidia muwa kuvumilia ukame, na kwa sababu tunakitoa mashambani mwetu kila msimu bila kukirudisha.

Lakini kwanza tuuangalie ukame wenyewe. Mahindi yanaweza kumaliza safari yake ndani ya mvua za msimu mmoja. Muwa hauna bahati hiyo. Unakaa shambani mwaka mzima, pengine na zaidi, kwa hiyo utakutana na kiangazi utake usitake. Mashamba makubwa ya viwanda yana mifereji na mitambo ya kumwagilia. Wakulima wa nje, wale wanaoviuzia viwanda miwa yao, hasa wa Bonde la Kilombero, wengi wanategemea mvua. Masika ikikatika mapema, hawana pampu ya kuwasha.

Ukame unauma zaidi wakati gani? Unauma wakati muwa unachipua na kuzidisha machipukizi, na unauma kuliko wakati wote muwa unaporefuka. Mkulima anaweza kulisoma jambo hili kwa macho. Kata muwa uliopitia kiangazi kikali, uuangalie kuanzia chini kwenda juu. Utaona pingili ndefu, kisha ghafla pingili fupi zilizobanana, kisha ndefu tena. Zile fupi zilizobanana ndizo wiki ambazo mvua ilikukimbia. Na ukifika kwenye mzani, upungufu wake unauona kwenye karatasi ya malipo.

Ni kweli kwamba balaa letu si ukame peke yake. Hapa Tanzania, mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, ni mvua iliyozidi ndiyo iliyozuia miwa kuvunwa, na bei ya sukari ikapanda mpaka wengi wetu tukanywa chai bila sukari. Kenya nayo mwaka 2023 ililazimika kusimamisha usagaji kwa muda katika viwanda vya magharibi, kwa sababu miwa iliyokomaa ilikuwa imeadimika. Hali ya hewa imekuwa haitabiriki. Leo nashika upande mmoja tu, ule wa jua kali na udongo mkavu.

Turudi kwenye silikoni. Iko wapi? Iko kila mahali. Ukiondoa oksijeni, hakuna elementi iliyo nyingi kwenye tabaka la juu la dunia kama silikoni. Mchanga unaochezewa na watoto kando ya mto ni silikoni iliyoungana na oksijeni. Basi najua kuna msikilizaji anauliza sasa hivi: kama mchanga wenyewe ni silikoni, shamba langu la kichanga si limeshiba?

Swali zuri, na jibu lake ni hapana. Chembe ya mchanga ni jiwe gumu lisiloyeyuka. Mzizi hauwezi kunywa jiwe. Muwa unahitaji silikoni iliyokwisha kuyeyuka kwenye maji ya udongo, na hiyo inapatikana kwa kiasi kidogo kidogo, hasa kutoka kwenye madini yanayomomonyoka polepole na kutoka kwenye mabaki ya mimea. Udongo wa kichanga una silikoni tele ambayo muwa hauwezi kuila. Na udongo mwekundu wa zamani wa nchi za joto, ulionyeshewa mvua kwa maelfu ya miaka, mara nyingi umeshasafishwa silikoni yake inayoyeyuka. Mvua imeibeba ikaenda nayo mtoni. Kwa hiyo udongo unaweza kujaa silikoni na muwa ukawa na njaa ya silikoni.

Na muwa ni mlaji mkubwa. Hekta moja ya miwa iliyostawi vizuri inaweza kuvuta zaidi ya kilo 300 za silikoni kwa msimu, na mara nyingi hiyo ni zaidi ya naitrojeni inayovutwa na shamba hilo hilo. Naitrojeni tunainunua kwa mifuko, tunaikopea, tunaigombania kwenye foleni ya ruzuku. Silikoni je? Nani kati yetu amewahi kuirudisha shambani kwa makusudi?

Sasa inafanya nini ndani ya muwa? Hapa nikae kidogo, kwa maana ndipo penye utamu wa jambo lenyewe.

Mizizi ya muwa inavuta maji yenye silikoni iliyoyeyuka. Mwaka 2006 mtafiti Jian Feng Ma wa Japani na wenzake walitangaza kwamba wameigundua kwenye mpunga jeni inayotengeneza mlango maalumu wa kupitishia silikoni mzizini, na muwa ni wa ukoo huo huo wa nyasi. Maji yanapanda mpaka jani, na huko jani linayatoa hewani kama mvuke. Mvuke ukishaondoka, silikoni inabaki. Fikiria birika la chai la nyumbani: maji yanachemka, yanakwenda zake, na kila siku kunabaki ukoko mweupe ndani yake. Ndivyo silikoni inavyogandamana chini ya ngozi ya jani la muwa, tone baada ya tone, mpaka inakuwa tabaka gumu.

Tabaka hilo lina kazi. Jani linasimama wima badala ya kulala, kwa hiyo linapata mwanga vizuri na haliyazibi majani ya chini. Maji yanayovuja kupitia ngozi ya jani yanapungua. Na kuna kazi nyingine isiyoonekana kwa macho. Muwa ukikosa maji unafunga vitundu vya majani yake ili usikauke, lakini jua haliachi kuwaka. Nguvu ya jua inayokosa kazi ndani ya jani inazalisha oksijeni za aina kali zinazounguza chembe hai za mmea. Mmea una vimeng'enya vya kuzima moto huo, na majaribio mengi yameonyesha kwamba muwa wenye silikoni ya kutosha unavifanyisha kazi vizuri zaidi wakati wa shida.

Majaribio hayo yamefanyika wapi? Jimbo la Guangxi ndilo linalozalisha sukari nyingi kuliko majimbo yote ya China. Watafiti wa huko walipanda miwa kwenye vyungu, mingine wakaichanganyia silikoni kwenye udongo, mingine wakaiacha, kisha wakaipunguzia yote maji. Iliyopewa silikoni ilibaki na maji mengi zaidi kwenye majani, ikabaki na kijani chake, na usanisinuru wake haukuporomoka kama wa ile mingine. Brazili nako, katika Chuo Kikuu cha UNESP, kampasi ya Jaboticabal, jimbo la São Paulo, watafiti waliipa silikoni miche michanga ya miwa kabla ya kuipeleka shambani, wakaona inavumilia uhaba wa maji baada ya kupandikizwa. Brazili iliichukulia silikoni kwa uzito kiasi kwamba tangu 2004 kanuni zake za mbolea zinaitambua. Japani ilitangulia mbali zaidi: mbolea ya silikoni kwa ajili ya mpunga ilitambuliwa rasmi huko mwaka 1955.

Lakini nataka tuwe wakweli. Chungu ndani ya banda si shamba la Ruaha au Turiani. Majibu ya vyungu yanatuonyesha njia inavyokwenda, hayatuahidi tani. Na silikoni haigeuki kuwa maji. Shamba lililokauka kabisa litakufa hata ukilizika kwenye silikoni. Tunachokitafuta ni muwa unaovumilia wiki chache za ziada, unaochelewa kunyauka, na unaowahi kuinuka mvua ikirudi. Kwa mkulima anayetegemea mvua, hilo si dogo hata kidogo.

Sasa sikilizeni hapa vizuri, maana hapa wengi tunaweza kukosea. Tumesema silikoni inapanda jani ikiwa ndani ya maji. Je, udongo ukikauka, itapanda na nini? Haitapanda, au itapanda kidogo sana. Na ikishagandamana kwenye jani haihami tena. Jani la zamani haliwezi kulikopesha jani jipya, tofauti na naitrojeni ambayo mmea unaihamisha kutoka majani ya chini kwenda ya juu. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba silikoni ni kazi ya kufanywa kabla jua halijakaza. Iwepo udongoni, karibu na mizizi, wakati mvua bado ipo na muwa bado unakunywa. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: ukiona majani yameanza kujikunja, umeshachelewa.

Na kuna jambo jingine ambalo mimi linanifurahisha kuliko yote, na limetoka hapa hapa Afrika. Wakulima wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wanalima miwa mingi kwa kutegemea mvua, na wanasumbuliwa na funza wa kutoboa mabua aitwaye Eldana, ambaye nasi huku Afrika Mashariki tunaye. Funza huyu anapenda sana muwa uliokosa maji. Ukame ukiingia ndipo anapojaa. Watafiti wa huko waliiangalia miwa ya aina zisizoweza kujikinga na funza, wakaipa silikoni, kisha wakaikosesha maji. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2007: silikoni iliikinga miwa hiyo dhaifu dhidi ya Eldana, na kinga hiyo ilionekana zaidi pale palipokuwa na ukame. Yaani msaada unazidi wakati ule ule adui anapopata nguvu. Ndugu mkulima, ukame haukuumizi kwa kiu peke yake. Unakuletea na funza nyuma yake. Kinga moja inayogusa yote mawili inastahili tuitazame kwa macho mawili.

Basi tunaipata wapi?

Najua wengine mmeshaletewa chupa. Anakuja kijana na pikipiki, ana chupa yenye picha ya muwa mnene, anasema nyunyizia kifuniko kimoja kwa pampu na ukame utausahau. Sisemi kwamba vyote vya kunyunyizia ni bure. Huko Jaboticabal walikoitumia njia hiyo, kunyunyizia majani kulikwenda sambamba na kuipitisha silikoni kwenye maji ya mizizi, na wakapima kila hatua. Lakini pigeni hesabu. Muwa unavuta silikoni kwa mamia ya kilo kwa hekta, na kifuniko cha chupa kinabeba gramu. Mlango mkubwa wa silikoni ni mzizi. Mimi nisingetoa fedha yangu kwenye chupa kabla sijatazama kinachotoka shambani kwangu.

Kinachotoka ni nini? Hapo ndipo moyo wangu ulipo leo. Silikoni nyingi ya muwa iko kwenye majani na maganda. Tunachoma shamba kabla ya kuvuna ili wakata miwa wapite kirahisi, wasikutane na nyoka na yale majani makali tuliyoanza nayo. Moto unapanda, majivu meusi yanapaa na upepo, yanaangukia kwenye nguo alizoanika mama mwenye nyumba kilomita mbili mbele. Zile chembe nyeusi anazozikung'uta kwenye shuka, mkononi zinaonekana taka, lakini ndani yake mna silikoni ya shamba lako. Miwa inayobaki inakwenda kiwandani, inakamuliwa, makapi yanaingia kwenye boila kuzalisha mvuke na umeme, na majivu yanabaki. Mwaka huu, mwaka ujao, miaka ishirini. Shamba linatoa tu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina bei ya dukani. Pale inapowezekana kuvuna bila kuchoma, majani yaachwe yalale katikati ya mistari. Yatazuia jua lisinyonye unyevu wa udongo leo, na yakioza polepole yatairudisha silikoni kwenye mizizi ya maotea, ile miwa inayochipua upya baada ya mavuno. Faida mbili kwa ukame, kwa kazi moja. Najua wakata miwa wanataka malipo zaidi kwa muwa ambao haujachomwa, na wana haki, kwa maana kazi ni ngumu na mikono ni yao. Hilo ni la kuzungumzwa kwenye AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika, na kiwandani, mezani, kwa hesabu zilizo wazi, lisiachwe kwa mkulima mmoja mmoja.

Hatua ya pili ni majivu. Vyama vya wakulima viulize: majivu ya boila yanakwenda wapi? Tope linalobaki baada ya kuchuja maji ya miwa linakwenda wapi? Gari linalopeleka miwa kiwandani linarudi tupu. Kwa nini lirudi tupu?

Na watu wa Kilombero mna bahati ya ziada, kwa kuwa bonde lenu ni la miwa na la mpunga pia. Nyuma ya mashine za kukoboa kuna milima ya maganda ya mpunga. Maganda yale yakiungua, kinachobaki kama majivu karibu chote ni silikoni na oksijeni. Ila moto una adabu yake. Maganda yaliyounguzwa kwa moto wa wastani yanatoa majivu yanayoyeyuka kwa urahisi zaidi udongoni. Yaliyokaa kwenye moto mkali sana, kama ule wa tanuri la matofali, silikoni yake inaanza kugeuka fuwele, inakaribia kuwa mchanga tena, na mzizi hauipati. Hata majivu ya boila la kiwanda yana tatizo hilo, na mara nyingi yamechanganyika na mchanga ulioingia na miwa. Kwa hiyo usitegemee yafanye kazi kwa kasi ya mbolea ya dukani. Yaingie udongoni mapema, wakati wa kulima, kabla ya kupanda pingili.

Mavi ya chuma je, yale mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma? Yanafanya kazi, kwa kuwa silikoni yake imeungana na kalisi na inayeyuka vizuri, tena yanapunguza ukali wa udongo wenye asidi. Lakini mengine hubeba metali zenye sumu. Yasiyopimwa maabara yasikanyage shamba la chakula. Mauritius wao walisaga jiwe la volkano, basalti, wakalirudisha kwenye mashamba ya miwa yaliyochoka, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1961 yalikuwa mazuri, ila walitumia tani nyingi mno kwa hekta. Nani ana gari la kubeba hayo?

Tahadhari moja zaidi. Majivu na kalisi vinapandisha hali ya magadi kwenye udongo. Kwenye udongo mwekundu wenye asidi hilo ni jema. Kwenye maeneo kama Arusha Chini, Moshi, ambako udongo tayari una chumvi na magadi, utakuwa unaongeza tatizo. Kwa hiyo pima udongo kwanza. Muulize bwana shamba au bibi shamba wako, au peleka swali lako TARI Kibaha, ambako utafiti wa miwa wa taifa unafanyika. Kwa wenzetu wa Kenya, kuna kituo cha utafiti wa miwa pale Kibos, Kisumu. Waambieni wapime na silikoni inayopatikana kwa mmea, siyo naitrojeni, fosforasi na potasiamu peke yake. Tusipoomba kipimo hicho, hakuna atakayetupimia. Na ukiwa shambani tazama majani ya zamani, upande unaopigwa na jua: madoadoa madogo madogo yaliyotapakaa huweza kuwa dalili ya njaa ya silikoni.

Msimu huu wa kupanda, chagueni mistari michache. Wekeni majivu kwenye nusu yake, nusu iacheni, mbolea na palizi ziwe sawa pande zote. Wekeni vigingi ili mtu asichanganye. Kiangazi kikifika, nendeni saa nane mchana, jua likiwa juu, mtazame majani ya upande upi yamejikunja kwanza. Wakati wa kuvuna, kateni miwa kumi kila upande, mpime pingili na mpime uzito, mkate katikati mtafute funza. Andikeni. Kisha mtuletee majibu hapa redioni, yawe mazuri au mabaya, tuyasome hewani wenzenu wayasikie.

Kipindi kijacho tutakuwa na mazungumzo juu ya pingili za kupanda, namna ya kuzichagua na kuzikinga na magonjwa. Mimi nawaaga kwa leo. Kwaherini.